Haki ya Kumsikiliza Beethoven

Mwezi Desemba 1977, mjini Montevideo, vyombo vya usalama vya utawala wa kijeshi wa Uruguay vilimkamata mpiga piano wa Kiargentina, Miguel Ángel Estrella. Walimtesa, na katika kumtesa waliiandama zaidi mikono yake. Walimwambia hatapiga piano tena. Alipokuja kuwa huru alisimulia shutuma waliyomtupia siku zile: kwamba alikuwa mbaya kuliko wapiganaji wa msituni, maana kwa piano yake na tabasamu lake aliwavuta watu wa tabaka la chini na kuwaaminisha kwamba hata wao wanaweza kumsikiliza Beethoven.

Kila nikiirudia habari hiyo naona kwamba watesaji wale walielewa jambo ambalo wafadhili wengi wa sanaa hawajalielewa hadi leo. Mfadhili huutazama muziki unaopelekwa kijijini kama zawadi nzuri isiyomdhuru mtu. Mtesaji aliona hatari. Aliona kwamba mkata miwa aliyekaa saa nzima mbele ya sonata hainuki pale akiwa ameburudika tu. Huinuka na dai. Akishaamini moyoni kwamba kile kilichofungiwa kwenye kumbi za matajiri wa Buenos Aires ni chake pia, nani atamzuia asiulize habari za ardhi, za ujira, za shule ya watoto wake?

Estrella alizaliwa mwaka 1940 katika jimbo la Tucumán, kaskazini-magharibi mwa Argentina, nchi ya miwa na viwanda vya sukari. Alisomea piano Buenos Aires, kisha akaenda Paris, ambako alifundishwa na Nadia Boulanger, mwalimu ambaye mikononi mwake walipita wanamuziki wengi wakubwa wa karne ya 20. Kwa elimu hiyo angeweza kumaliza maisha yake kwenye kumbi za Ulaya na asilaumiwe na mtu. Yeye alikwenda kuwapigia wakata miwa na wakulima wa kwao. Na kwao palikuwa pamejeruhiwa: kuanzia mwaka 1966 serikali ya kijeshi ya Jenerali Onganía ilivifunga viwanda 11 vya sukari vya Tucumán, na watu maelfu kwa maelfu wakalihama jimbo kutafuta riziki. Hao ndio waliohesabiwa kuwa hawawezi kumsikiliza Beethoven.

Ninachotaka kukitetea hapa ni kile kile ambacho watesaji walikishutumu. Mpiga piano anapokwenda mahali palipotupwa na barabara, na bajeti, na macho ya wakubwa, hapeleki hisani. Anakiri haki iliyokuwepo kabla hajafika. Na tukilikubali hilo, tutalazimika kubadili namna tunavyompima: swali halitakuwa tena amewagusa watu wangapi, litakuwa amewapigia vipi.

Pingamizi la kwanza kila mtu analijua. Watu wale wana shida kubwa kuliko hiyo. Hawana maji, hawana zahanati, mtoto anatembea saa mbili kwenda shule, na wewe unawapelekea Chopin? Neno hili hutamkwa kwa sauti ya huruma, na wanaolitamka mara nyingi ni watu wema. Lakini lichunguze. Hakuna mmoja kati yao aliyewahi kuahirisha muziki wake mwenyewe mpaka madeni yake yote yaishe. Hakuna aliyeghairi kuwapigia wageni ngoma ya harusi kwa sababu paa linavuja. Utaratibu wa mkate kwanza na nyimbo baadaye huwekewa watu wengine, na watu hao wenyewe hawajawahi kuufuata. Kijiji kisicho na zahanati kina ngoma. Kina wimbo wa jando, wimbo wa kulimia, wimbo wa kumzika mzee. Maskini hawakungoja washibe ndipo waimbe, na anayedhani muziki ni jambo la baada ya shibe hajakaa na wenye njaa.

Mfano ulio mzito kuliko yote ninaoujua ni wa Alice Herz-Sommer, mpiga piano wa Kiyahudi aliyezaliwa Prague mwaka 1903. Wanazi walimpeleka yeye na mwanawe mdogo kwenye kambi ya Theresienstadt, na humo alipiga piano mbele ya wafungwa wenzake zaidi ya mara 100. Alipiga etyudi zote 24 za Chopin kwa kichwa, bila karatasi. Hizo ni vipande ambavyo mtu aliyeshiba, aliyelala, mwenye piano nzuri, huviogopa. Waliomsikiliza walikuwa wazee, wagonjwa, watu waliokonda, na wengi wao baadaye walisafirishwa kwenda kuuawa. Muziki haukuwaokoa. Sipendi watu wanaposema kwamba muziki uliwaokoa, kwa sababu hesabu ya waliokufa ipo na tunaijua. Walichofanya wale ni kuja. Walitoka mahali walipolala, wakajikokota, wakaja kusikiliza etyudi ambayo isingewaongezea kipande cha mkate. Yeyote anayetaka kuwapangia watu mahitaji yao kwa ngazi, tumbo chini na roho juu kabisa, anapaswa kwanza awaeleze watu hao kwa nini walikosea.

Theresienstadt hiyo hiyo inatupa onyo pia. Mwezi Juni 1944 Wanazi waliipamba kambi, wakawaonyesha wajumbe wa Msalaba Mwekundu maduka, bustani na muziki, ili dunia iamini kwamba Wayahudi wanaishi vizuri. Basi muziki waweza kuwa pazia. Serikali au kampuni inaweza kumleta mpiga piano mahali ilipoharibu mto, wapiga picha wakaja, watoto wakapangwa mstari wa mbele, na kesho yake mto ukawa vile vile. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kila muziki unaofika kwa wanyonge unakiri haki yao. Upo unaoizika. Kinachotofautisha ni kama aliyekuja yuko tayari kusikia na mengine watakayoyasema watu wale baada ya piano kunyamaza. Estrella alikuwa tayari, na ndiyo maana alikamatwa.

Mwaka 1790 Immanuel Kant alichapisha kitabu chake juu ya hukumu, na ndani yake kuna wazo ambalo huwa nalitumia kama kipimo. Mtu akisema chakula fulani kitamu, anasema habari zake mwenyewe, wala hagombani na jirani asiyekipenda. Lakini akisema kitu ni kizuri, anazungumza kana kwamba kila mtu anapaswa kukubaliana naye. Anadai kibali cha wanadamu wote. Kant hakuwa akifikiria wakata miwa. Lakini angalia wazo lake linavyowabana wapenzi wa muziki mkubwa. Wanasema Beethoven ni mzuri, si kwao tu, kwa binadamu. Wanaandika hivyo kwenye vitabu na kwenye kuta za kumbi. Halafu bei ya tiketi, umbali, mavazi, na yule bawabu anayekutazama viatu, vyote vinahakikisha kwamba sehemu kubwa ya binadamu hao haitaulizwa kamwe. Unadai kibali cha mtu uliyemfungia mlango. Ama uzuri ule ni wa watu wote, na hapo mlango ni dhuluma, ama ni wa kikundi kidogo, na hapo waache kuuita muziki huo mkubwa. Katikati ya hayo mawili sioni pa kusimama.

Mataifa yenyewe yaliliandika jambo hili. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 27, linampa kila mtu haki ya kushiriki katika maisha ya utamaduni ya jamii yake na kufurahia sanaa. Ni kifungu ambacho karibu hakuna anayekitaja. Tunakesha, na tunafanya vyema, juu ya vifungu vya mateso na vya kifungo; hiki cha 27 tunakipita kama kiungo cha mwisho kwenye mchuzi. Estrella aliteswa kwa sababu ya kifungu hicho.

Waislamu wa pwani yetu, na wa kwingineko, wanaijua tangu utotoni tofauti ninayojaribu kuichora. Sadaka ni wema wa mtoaji. Anaweza kutoa au kuacha, na akitoa anashukuriwa. Zaka ni jambo jingine. Ndani ya mali ya tajiri mna fungu ambalo ni la maskini, na tajiri anayelitoa anarudisha kisicho chake. Maskini anayelipokea hana sababu ya kuinamisha kichwa. Nikimwona mpiga piano anashuka kwenye gari kijijini, hilo ndilo ninalotaka kulijua kwanza: amekuja kama mtoa sadaka, au kama mtu anayerudisha amana? Ukimtazama vizuri utajua. Mtoa sadaka hupunguza. Huwaza, hawa wataelewa nini, akachagua vipande vifupi vyenye furaha, akavikatiza, akachekesha, akapiga nusu ya nguvu zake kwa kuwa hapana mtu wa kumkosoa. Mwenye kurudisha amana hairudishi pungufu.

Hapo ndipo ninapomheshimu sana Sviatoslav Richter. Mwaka 1986, akiwa na miaka 71, mmoja wa wapiga piano waliotukuzwa zaidi duniani, alivuka Siberia kwa gari, akapiga katika miji mingi midogo ambayo mingine haikuwa na hata ukumbi wa muziki. Wakati huo angeweza kuchagua mji wowote ulimwenguni. Katika miaka yake ya mwisho alizoea kupiga ukumbi ukiwa gizani, taa ndogo ikiwa imeelekezwa kwenye karatasi za noti, ili watu wasiutazame uso wake wala mikono yake, wausikilize muziki. Taa ile ndogo ina mafundisho mengi kwa yeyote anayesafiri na sanaa kwenda kwa watu wasiofikiwa. Inasema: sikuja kuonekana. Nani angemkosoa Siberia? Angeruka kurasa mbili na ukumbi mzima ungepiga makofi. Uaminifu wa fundi hupimika vizuri zaidi pale ambapo hakuna anayeweza kumkamata akikosea, na kwa sababu hiyo nadhani kijiji cha mbali kinampima msanii kuliko Vienna inavyoweza.

Piano yenyewe hairahisishi safari. Gitaa hubebwa begani, zumari huingia mfukoni. Piano kubwa ya ukumbini ina uzito wa karibu kilo 500. Ndani yake mna nyuzi zaidi ya 200, na zote kwa pamoja zinaivuta fremu ya chuma kwa nguvu ya takriban tani 20. Mbao zake hunywa unyevu wa hewa zikavimba, hukauka zikasinyaa, na kila zikicheza sauti nazo zinahama. Anayetaka kuipeleka mbali lazima awe na gari, watu wa kuibeba, njia inayopitika, na fundi wa kuzikaza nyuzi upya baada ya kila mtikisiko wa barabara. Kwetu piano nyingi zimekwama pale zilipotua: makanisani, kwenye shule chache za zamani, na kwenye kumbi za hoteli, kifuniko kikiwa kimefungwa kwa ufunguo ili watoto wasiguse. Uzito huo umekuwa kisingizio kizuri kwa muda mrefu. Lakini kreti za bia hufika kila kijiji, na injini ya kinu cha kusaga hufika. Kitu hufika pale ambapo mtu ameamua kwamba wanaoishi pale wanastahili kifike.

Sasa pingamizi la pili, ambalo mimi naliona zito kuliko la kwanza, hasa kwa sisi tuliotawaliwa. Nani aliwaambia wanamhitaji Beethoven? Wamisionari wengi walikuja Afrika na kinanda mkono mmoja, na mkono wa pili wakikataza ngoma. Walifundisha nyimbo za sauti nne na kuziita ngoma zetu ushenzi. Mtu aliyelelewa katika kumbukumbu hiyo akisikia msafara wa piano unakuja kuwaletea watu muziki, ana haki ya kukunja uso. Kuleta muziki ni kauli inayodhania kwamba palikuwa kimya.

Sitaki kulikwepa pingamizi hili kwa kusema kwamba muziki ni lugha ya ulimwengu. Si kweli, au si kweli kirahisi hivyo. Anayesikia fugi ya Bach kwa mara ya kwanza anaweza asisikie chochote zaidi ya msongamano wa sauti, kama vile mgeni anavyoweza kukaa usiku mzima kwenye taarabu na asijue kwa nini mama mmoja amenyanyuka ghafla kwenda kumtunza mwimbaji. Kila muziki una mlango wake, na mlango hujifunzwa. Lakini ukweli huo unakata pande zote mbili. Mpiga piano anayeingia kijijini naye ni kiziwi wa muziki wa pale. Asipolijua hilo, safari yake ni ya mmisionari hata kama hamtaji Mungu.

Yupo mpiga piano mmoja aliyelijua. Béla Bartók alikuwa mwalimu wa piano katika chuo cha muziki cha Budapest tangu mwaka 1907, na katika miaka hiyo alikuwa akienda vijijini, Hungaria, Slovakia, Romania, amebeba fonografu. Hakwenda kupiga. Alikwenda kuomba aimbiwe. Alikaa mbele ya wakulima ambao wenye elimu wa Budapest waliwaona hawana la kumwambia mtu, akanasa sauti zao kwenye mitungi ya nta, akaziandika noti moja moja kwa uangalifu kama mtu anayenakili hati takatifu. Mwaka 1913 alifika mpaka Biskra, Algeria, akawarekodi Waarabu wa huko. Muziki alioutunga tangu aanze safari hizo za vijijini ulibadilika moja kwa moja; hata vipande vidogo alivyowaandikia watoto wanaojifunza piano vilijengwa juu ya nyimbo za wakulima. Namtaja Bartók kwa sababu safari yake ndiyo nusu ya pili ya safari ya Estrella. Haki ya kusikiliza haiwezi kutenganishwa na haki ya kusikilizwa, na anayeitimiza ya kwanza huku akiidharau ya pili amerudi kwenye sadaka.

Kuna jambo dogo juu ya ukimya ambalo linafaa kusemwa hapa. Wapiga piano wakirudi kutoka safari kama hizi husimulia, wengine kwa upole wa mtu mzima anayemzungumzia mtoto, kwamba watu walipiga makofi katikati, walizungumza, akina mama walinyonyesha, wazee walinyanyuka wakatikisa mabega. Kana kwamba hawakujua kusikiliza. Lakini Mozart, akiwa Paris mwaka 1778, alimwandikia baba yake kwa furaha kwamba katika simfoni yake mpya aliweka mahali alipojua patawapendeza watu, na kweli watu wakalipuka kwa makofi muziki ukiendelea. Alilikusudia hilo. Ukimya wa kumbini, wa watu waliokaa safu safu wakizuia kikohozi, ulienea Ulaya katika karne ya 19. Ni desturi nzuri, mimi naipenda, inazaa aina ya usikivu ambayo haizaliki vinginevyo. Hata hivyo ni desturi ya mahali na ya wakati. Mzee anayetikisa mabega katikati ya sonata ya Mozart yuko karibu na Mozart kuliko bwana aliyenuna safu ya tatu. Msanii mwenye heshima hamwombi aache. Anapiga, na anasikiliza mabega yale yanamwambia nini kuhusu mdundo ambao yeye, baada ya miaka yote ya chuo, hakuwa ameusikia.

Wengine hawakungoja kuletewa. Mwaka 1994, Kinshasa, Armand Diangienda, mjukuu wa nabii Simon Kimbangu, alianzisha okestra ndani ya kanisa la Wakimbanguisti. Alikuwa rubani aliyepoteza kazi. Vyombo havikutosha, wanamuziki walipokezana fidla chache, na uzi ukikatika walitumia waya wa breki ya baiskeli. Walinakili noti kwa mkono. Wengi walikuwa watu wa kazi nyingine mchana kutwa. Baadaye walipiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven, ile yenye kwaya, katika mji ambao umeme hukatika bila taarifa. Hakuna msafara wa hisani uliowakabidhi Beethoven. Walimchukua. Nikisikia mtu anadai kwamba muziki huo ni mali ya Ulaya na Mwafrika anayeupiga ameazima nguo ya mwenzake, nawafikiria wale watu wa Kinshasa na waya wao wa breki, na sioni neno la kuwaambia isipokuwa kwamba wanachokishika ni chao. Mtu anamiliki muziki kwa kuufanyia kazi. Mjerumani aliyezaliwa Bonn, mtaa ule ule alikozaliwa Beethoven, na hajawahi kuisikiliza Simfoni ya Tisa mpaka mwisho, hana hati ya kumiliki inayowazidi wao.

Kinshasa inatuonyesha pia kasoro ya safari nyingi za wema. Mpiga piano hufika, hupiga jioni moja, huondoka. Gari likishapita kona, nini kimebaki? Kama kilichokuja kilikuwa zawadi, kimetolewa na kimekwisha, na hakuna mwenye deni. Lakini kama kilikuwa haki, basi jioni moja ni malipo ya kwanza tu, na aliyelipa mara moja hawezi kusema amemaliza. Mtoto aliyesikia piano mara moja na asiisikie tena amefunguliwa dirisha likafungwa. Nadhani Estrella alilifikiria hilo gerezani. Alifungwa katika gereza la Libertad, na kule hatimaye aliruhusiwa kuwa na kibodi isiyotoa sauti, akawa anapiga bila kusikia. Nje, Nadia Boulanger, Yehudi Menuhin na wanamuziki wengine wengi walipiga kelele duniani kote, na mwaka 1980 akaachiliwa. Miaka miwili baadaye, akiwa uhamishoni Ufaransa, hakuishia kwenye maonyesho ya jioni moja moja. Alianzisha chama, Música Esperanza, cha kupeleka muziki magerezani, hospitalini na kwenye mitaa ya maskini, na kazi hiyo aliifanya hadi alipofariki mwaka 2022. Chama kina faida ambayo shujaa mmoja hana: kinaweza kurudi wiki ijayo.

Nimesema haki mara nyingi, na haki ina upande ambao wapenzi wa muziki hatuupendi. Mwenye haki anaweza kukataa. Anaweza kukaa dakika kumi, akaona sonata inamchosha, akasimama akaenda kuangalia ng'ombe wake. Zawadi ikikataliwa mtoaji huumia, na hapo tunajua alichokuwa anakitafuta. Tumezoea simulizi ambamo kila mtu kijijini analia machozi, bibi kizee anashika moyo, mtoto anaamua siku ile ile kuwa mwanamuziki. Simulizi hizo zinawanyima watu kitu ambacho hata mtu wa Vienna anacho: uhuru wa kutokupenda. Ipo heshima katika kumwona mkulima anaondoka na kutomfuata na maelezo. Alipewa nafasi ya kuhukumu, akahukumu. Kabla ya hapo alikuwa amehukumiwa yeye, bila kuulizwa, na watu waliojua tangu mwanzo kwamba haya hayamfai.

Mpiga piano aliyekwenda kwa sababu ya haki atakubali hilo, na kazi yake itaendelea. Atamaliza sonata mpaka noti ya mwisho kwa waliobaki, hata wakiwa wanne. Atauliza nani anapiga ngoma hapa, na kama anaruhusiwa kukaa karibu. Atapanga na mwalimu wa shule siku ya kurudi, na mahali pakavu pa kuihifadhi piano ambayo safari hii haitapakiwa tena garini, na ufunguo wa kifuniko chake atawaachia wao.